Waliokwenda Ziwani

Mama Maliro alipoingia katika bureau ya polisi ya Butembo hakuketi. Alisimama mbele ya meza ya Inspekta Roger, mfuko wa safari bado mkononi, vumbi la barabara ya Kirumba bado kwenye viatu, akasema alichokuja kusema kabla hata ya kuulizwa jina.

“Ndugu yangu amezika mutoto wake bila mimi. Nataka kujua kile kiko mu kaburi.”

Roger alikuwa mtu wa Mbandaka. Vita vilimkuta huku, vikamfungia njia ya kurudi kwao, na tangu hapo alikuwa afisa wa serikali isiyoweza hata kumtumia salamu. Watu wa uasi walioshika mji walimwacha mezani pake kwa sababu hawakuwa na mwingine aliyejua kazi ile. Mshahara alikuwa ameusahau. Kilichobaki ni tabia yake mbaya ya kutaka kujua, na hiyo ilimfanya aamke kila asubuhi na kuvaa shati.

“Ikala kwanza, mama.”

“Nitaikala nikimaliza.”

Akaeleza. Ndugu yake, Siméon Lusenge, muuza vitenge hapo mjini, alikuwa na binti mkubwa aitwaye Joyeuse. Joyeuse alipata diplôme d’État ya kumaliza sekondari, na baba alikuwa ameahidi kwamba akiipata atawapeleka wote kuona ziwa Edouard. Mwezi ule bunduki zilikuwa zimenyamaza kidogo. Basi wakapanda jeep, Siméon na mkewe Marie-Jeanne na Joyeuse, dereva Paulin akiwa kwenye usukani. Binti mdogo, Bénie, alikuwa na homa, akabaki. Walipita Beni, wakateremka barabara ya Kasindi, wakaenda mpaka ile rasi ambako njia inazunguka na maji yako pande zote mbili. Majirani waliwasikia wakitoka wakiimba. Waliporudi, nyuma ya jeep kulikuwa na sanduku lililopigiliwa misumari, na Siméon akatangaza kwamba Joyeuse alianguka katika mtumbwi. Kesho yake asubuhi akazikwa katika shamba la migomba nyuma ya nyumba yao, katika mtaa wa Vulamba.

“Mi ni shangazi yake,” alisema Mama Maliro. “Kwetu, mutoto mwanamuke akikufa, shangazi njo anamuoshaka. Hakuna mwingine. Kirumba haiko mbali ya kukosa kunitumia mutu.”

“Pengine maiti ilikuwa imeharibika.”

“Hata kama imeharibika. Hata kama ni mufupa moja. Minaiosha.”

“Kuna kitu ingine?”

Mama Maliro aliweka mfuko chini. Hapo ndipo sauti ilipomlegea.

“Nilikuta banamaliza kuzika. Majirani banasema Marie-Jeanne alikataa kutupa udongo. Walimuwekea mu mukono. Baba alitupa, leki yake Bénie alitupa, yeye akaukamata tu, akaufunga mu pembe ya kitambaa yake. Mama muzima, papa. Anaacha mutoto wake bila udongo.”

Roger alikwisha kuona mikono ikigoma makaburini. Mara nyingi ilikuwa mikono yenye kosa. Akajiambia moyoni kwamba mama yule ana neno, na kwamba neno lenyewe halitakuwa zuri. Alikuwa sahihi kwa nusu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyomtesa baadaye.

Alianza na Paulin, kwa sababu madereva husikia yote na hawaulizwi kitu. Alimkuta akiosha jeep ya Lusenge kando ya kijito, suruali imekunjwa mpaka magotini. Kijana mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala.

“Elezea mi safari,” Roger alisema, akakaa juu ya jiwe.

Paulin alieleza vizuri mno. Alisema walikula samaki wa kuchoma kwa wavuvi. Alisema viboko walilala mchangani na Joyeuse akawahesabu kwa sauti mpaka baba akacheka. Alisema maji yalimeta hadi macho yakauma. Mpaka hapo maneno yalimtoka kama maji ya bomba.

“Alafu?”

“Alafu akapanda pirogue. Akaanguka.”

“Nani alikuwa anapiga kasia?”

“Muvuvi moja.”

“Muzee ao kijana?”

“Katikati.”

“Pirogue ilikuwa ya rangi gani?”

Paulin alikamua kitambaa ambacho tayari kilikuwa kikavu. “Sikuangalia, chef.”

“Viboko ulibiangalia muzuri.”

Dereva aliinama, akasugua gurudumu. Roger alikuwa amekwisha kuacha kumtazama usoni. Alikuwa anatazama shati lake, shati jeupe la kwenda misa, lililochakaa sasa likawa la kazi. Kwenye bega la kulia kulikuwa na doa la hudhurungi, refu, lenye michirizi.

“Hiyo ni nini?”

“Damu, chef. Tulibeba sanduku, maiti ikavuja.” Jibu lilikuja haraka, kama lililokuwa limewekwa tayari.

“Umeifua?”

“Mara mingi. Hata na dawa ya Javel.”

“Ikafanya nini?”

“Ikazidi.”

Roger alisimama, akashika bega la shati, akalisugua kwa kidole gumba. Mama yake alikuwa na shamba la migomba kando ya mto kule Mbandaka, na kaptula zake zote za shule zilikuwa na madoa ya namna hii. Alichapwa kwa ajili yake. Damu ukiifua inafifia, hata ikiacha kivuli. Utomvu wa mgomba ukiufua unakomaa, na nguo hiyo utakufa nayo.

“Hii hapana damu, Paulin. Ulibeba mugomba.”

Kijana alikaa chini palepale kwenye matope, miguu majini.

“Mi ni shofere, chef. Banasema enda, naenda. Banasema beba, nabeba.” Akajifunika uso kwa kitambaa kilekile cha kuoshea jeep. “Alikuwa ananiitaka yaya, kaka mukubwa. Hata sikuzaliwa naye.”

Zaidi ya hapo hakusema, na Roger hakumlazimisha. Alikwenda moja kwa moja kwa procureur, mwendesha mashtaka, kuomba ruhusa ya kufungua kaburi.

Walilifungua asubuhi, mvua nyembamba ikianguka Vulamba. Roger aliwazuia watu nje ya ua, lakini migomba si ukuta, na macho ya mtaa mzima yalikuwa katikati ya majani. Siméon Lusenge alisimama upande mmoja, koti jeusi, kofia mkononi, mnene na mwenye heshima zake. Mkewe hakutoka ndani. Mama Maliro alisimama karibu kabisa na shimo, kiasi kwamba mchimbaji alimwomba asogee.

Misumari iling’olewa. Ndani ya sanduku mlikuwa na kipande cha mgomba, kimekatwa urefu wa msichana. Kilikuwa kimevaa gauni jeupe la confirmation, la kipaimara, lenye mikono ya dantela, lesi nyembamba, na pale ambapo kichwa kingekuwa palikuwa pamefungwa kitambaa. Utomvu ulikuwa umelitia gauni madoa. Hakuna aliyepiga kelele. Katika migomba mtu alisema “Yesu” kwa sauti ndogo, basi.

Hasira ilimpanda Roger mpaka masikioni. Alikuwa anatazamia mauaji na sasa aliyaona.

“Lusenge, maiti ya mutoto wako iko wapi?”

Siméon hakutetemeka. “Ziwa ilimukamata, Monsieur l’inspecteur. Hatukumupata. Kwetu, mutu akipotea na maji, tunazika mugomba mu fasi yake, juu roho isitembee. Wewe ni mugeni, hauwezi kujua. Uliza dada yangu.”

Watu wote wakamtazama Mama Maliro. Alikuwa ameinama. Alikuwa ananyoosha mkono wa lile gauni, dantela iliyokunjamana, akiilainisha kwa kiganja. Ilichukua muda kabla ya kuinuka.

“Ni kweli,” alisema. “Njo vile tunafanyaka.”

Roger alisikia kesi yake ikimtoka mikononi. Mila si kosa. Mchimbaji tayari alikuwa ameshika kifuniko.

“Mais, Siméon,” Mama Maliro aliendelea, polepole, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, “ulitafuta na nani?”

“Nini?”

“Mugomba ni kitu ya mwisho. Kwanza banaume ya familia banashuka ku maji. Banalala kule. Baba yetu mudogo alizama mu Semuliki, ndugu zake walitafuta mpaka viatu viliisha ku miguu, na muzee njo alisema basi, mukate mugomba. Na mbele ya watu wote. Wewe ulipigilia misumari ukatuambia mutoto iko ndani. Juu ya nini hukutuita tutafute?”

“Ni vita, Maliro. Nani angeenda?”

“Mi ningeenda.”

Siméon alivaa kofia yake. Ilikuwa mara ya kwanza Roger kumwona akitaka kuondoka mahali.

Roger aliamuru kaburi lifunikwe, akajisogeza chini ya mapaa, mvua ikimdondokea begani, akayapanga mambo kichwani. Mtu asemaye mwanawe amezama, ndugu wote watashuka ziwani. Watauliza wavuvi. Watauliza kwenye vizuizi vya askari, kimoja baada ya kingine. Mtu asemaye maiti iko sandukuni hatafutiwi kitu, analiliwa tu. Basi Siméon hakuogopa maji. Aliogopa watu watakaouliza njiani. Na kama binti hakuwa majini, na hakuwa sandukuni, na mama yake alikataa kutupa udongo, Roger aliona kwamba tangu mwanzo ule udongo aliusoma vibaya.

Alimkuta Marie-Jeanne jikoni, akichambua majani ya sombe. Bénie, msichana mwembamba wa miaka kumi na minne hivi, alikuwa kwenye kinu. Mama alimtuma maji kabla Roger hajafungua mdomo, akangoja mpaka mlio wa bidoni, dumu tupu, ulipopotea njiani.

“Mama, nitakuambia kile minafikiri,” Roger alisema. “Nikikosea, unirudishe.”

Akamwambia habari ya kutafuta, na ya misumari. Marie-Jeanne aliendelea kuchambua.

“Na wewe hukutupa udongo. Mi si mutu wa hapa, nilifikiri ni kosa inakusumbua. Mais hukutupa juu unajua anapumua.”

Mikono ilisimama juu ya ungo.

“Usiseme kwa nguvu,” alisema. “Bénie hajui.”

Alieleza bila kumtazama, akiongea na majani. Waliimba njia yote. Kule njia inakoingia ziwani, maji huku, maji huku, Joyeuse alitoa kichwa dirishani akasema, mama, angalia, hii yote ilikuwaka hapa na sisi tunauza bitenge tu. Walicheka. Marie-Jeanne alisema furaha kama ile hakuwa ameiona tangu ndoa yake, na hataiona tena, na aliisema bila uchungu, kama mtu anayetaja kitu kilichouzwa.

Waliporudi kuizunguka rasi, walikuta kizuizi ambacho asubuhi hakikuwapo. Mkubwa wake aliitwa Kamanda Mbula. Alimwambia Siméon kwamba wafanyabiashara wa Butembo ni majasusi wa upande mwingine, kwamba jeep itabaki, na mwenye jeep atabaki, na hao wengine atawafikiria.

“Siméon akashuka kusemezana. Nilifikiri anatoa makuta, feza ya kupita. Banasemezana kule chini ya muti, muda murefu. Akarudi. Hakuenda ku kiti yake, papa. Akafungua mulango ya nyuma. Joyeuse, anasema, shuka, mukubwa anataka kuona carte yako, kitambulisho. Akashuka. Alikuwa bado anatafuna muwa.”

Marie-Jeanne alichukua jani jingine, akalichambua.

“Siméon akapanda. Akamwambia Paulin, enda. Paulin hakuenda. Akamurudilia tena, enda. Mi nilikuwa hapo. Mulango ya upande yangu hata haikufungwa na funguo. Sikuifungua. Sijui mukono yangu ilikuwa wapi.”

Sasa alilia, bila sauti, machozi yakianguka ndani ya ungo.

“Anasema alitoa moja, akaokoa batatu. Anasema tukisema yuko hai, siku atarudi na mimba ya ule mutu, nani atamuoa Bénie. Afazali akufe vizuri, na robe yake ya Kanisa, ile alibeba ya kupigia picha ku ziwa. Anasema yote ile na sauti ya kusoma misa. Usiku anatoka, anaenda kuikala kwa ile kaburi ya mugomba. Anailia kweli. Sasa mi nimuchukie namna gani?”

“Kamanda Mbula iko wapi sasa?”

“Banasema bamemuhamisha Beni.” Akapangusa uso kwa kiwiko, akamtazama Roger kwa mara ya kwanza. “Nikuombe kitu moja. Umulete. Hata na mimba umulete. Siméon atasema kile atasema. Mi nataka mutoto yangu ndani ya hii nyumba.”

“Nitamuleta,” Roger alisema. Hakuwa mtu wa kutoa ahadi, na alijishangaa.

Mkubwa wa Roger alimruhusu kwenda Beni kwa sharti moja, asichukue pingu. Kamanda Mbula alikuwa wa jeshi lilelile lililomwazima Roger meza na kiti. Mtu wa namna hiyo hakamatwi, anaibiwa. Roger alipanda lori la viazi, akapatana na dereva wake wangojeane kwenye soko la Beu, mle mjini Beni, kabla ya jioni. Binti angelala chini ya turubai, wangepita Butembo bila kusimama, mpaka Kirumba kwa Mama Maliro, aliyekwisha kuambiwa yote, akae huko kwanza.

Joto la Beni lilimpokea na harufu ya kakao iliyoanikwa. Nyumba ya Kamanda haikumpa shida, wenye pikipiki wote waliijua na walipunguza sauti walipoitaja. Kamanda alikuwa kambini mchana kutwa. Askari wa lango alikuwa amelala kwenye kivuli cha jirani, redio tumboni, ikipiga nyimbo za Kinshasa. Roger alisimama kwenye ua wa mianzi, akaomba maji, kama apitaye yeyote.

Msichana aliacha magwanda aliyokuwa anaanika, akaja na kikombe.

“Joyeuse,” Roger alisema.

Kikombe hakikuanguka. Alimtazama askari kwanza, halafu barabara, halafu yeye.

“Nani amekutuma?”

“Mama yako.”

Uso wake ukavunjika, muda mfupi tu, kisha akaurudisha. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Anakulaka?”

“Kidogo.”

“Na homa ya Bénie?”

“Iliisha. Sikia, mwana. Camion iko ku soko. Tunaenda Kirumba kwa shangazi yako. Vaa viatu.”

Joyeuse aliangalia lango. Roger alimwona akiliangalia kwelikweli, akiipima njia, ua, soko, na kwa muda ule alikuwa na hakika kwamba wanaondoka. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimekwisha kukanyaga udongo kwa nguvu, kama vya mtu anayetaka kuruka mtaro.

Akakaa vizuri tena.

“Papa, uliambiwa kama alikuya ku matanga yangu?”

“Nani?”

“Yeye. Mbula. Alivaa nguo ya civil, akaikala na banaume, baba alimuona akaogopa kusema, bakamupatia chakula. Kurudi hapa akanielezea yote. Sombe ilikuwa na samaki. Sanduku ilikuwa na musalaba ya bleu. Baba alilia muzuri. Alicheka mpaka akakohoa. Anasema mi ni maiti inajua kupika.”

Roger alimwaga chini maji yaliyobaki kikombeni.

“Alafu akaacha kucheka. Anasema, leki yako njo alinipatia maji ya kunawa. Anaanza kukomaa. Anasema siku hatanikuta hapa, hatapoteza wakati kunitafuta. Anajua nyumba.”

“Bénie tunaweza kumuondoa. Leo leo.”

“Tumupeleke wapi? Kirumba hakuna basoda?”

Askari walikuwako. Roger aliwajua, na wengine walikuwa wa Mbula. Alitaja Goma, na alipokuwa bado anaitaja alikumbuka vizuizi vya njia ya Goma. Alitaja kuvuka kwenda Uganda, na njia ya Uganda ni ileile ya Kasindi. Joyeuse alimwacha amalize kwa upole, kama mkubwa anavyomsikiliza mtoto.

“Baba alipima akanitoa,” alisema. “Ile siku nilimuchukia. Sasa na mi ninapima, naona hesabu ni ile ile. Mais hii mara ni mi mwenyewe. Inanisaidia kidogo kulala.”

“Nimwambie mama yako nini?”

“Umwambie hukunipata.”

“Mwana—”

“Akijua niko hapa atakuya. Na miguu atakuya. Atasimama hapa ku mulango na kitunga yake, na Mbula atamuona, atamuuliza ule mwingine iko wapi. Umwambie nilikimbia, nikaingia mu maji, maji ikanikamata. Na uwe na sura ya mutu anasema kweli. Mama anajuaka kusoma sura.”

Alipokea kikombe, akakisuuza, akarudi kwenye kamba. Alikuwa amebakiwa na suruali mbili za kuanika. Roger alisimama kwenye ua mpaka askari alipogeuka upande mwingine katika usingizi wake, ndipo akaondoka, kwa sababu kubaki kungemponza binti.

Dereva wa lori aliuliza abiria wa pili yuko wapi. Roger alisema hakuna. Walipanda kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, kona baada ya kona, na njia nzima alitafuta mlango mwingine. Ilikuwa kazi yake kutafuta, miaka yote aliifanya, na hakuwa mjinga. Alifikiri juu ya procureur, juu ya mapadri, juu ya kumpiga Mbula risasi yeye mwenyewe. Kila alipofika mwisho wa wazo alimkuta Bénie pale na bidoni yake. Aliona aibu, na dereva aliposimulia bei ya viazi akaitikia bila kusikia.

Huko Vulamba walikuwa wanamngoja nje. Mama Maliro alikuwa amesimama na mfuko wake wa safari, tayari kupanda lori mpaka Kirumba. Marie-Jeanne alikuwa tayari barabarani, na hakumtazama Roger; alitazama nyuma ya lori, turubai, magunia, halafu barabara tupu nyuma ya lori.

“Mama,” Roger alisema.

“Iko wapi?”

“Nilifika mpaka kwa ule mutu. Joyeuse hakukaa naye hata siku moja. Ile magaribi alikimbia, akaingia mu maji. Bavuvi walimuona. Walijaribu kumushika.”

Alimwangalia machoni alipokuwa anasema. Alikuwa amejifunza uso huo kwa wale aliowahoji, wale wachache walioweza, na sasa aliuvaa wote.

“Ni kweli?”

“Ni kweli, mama. Amekufa.”

Marie-Jeanne aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyeelezwa njia ya kwenda mahali. Alikaa chini katikati ya barabara, akafungua kinywa, na kilio ambacho mtaa haukukisikia siku ya mazishi kikatoka, kirefu, kwa jina la binti yake. Mama Maliro akaanguka kando yake, akamkumbatia shingo. Milango ikafunguliwa. Wanawake wakaja wakijifunga vitambaa viunoni, na Bénie akaja mbio, akauliza ni nini, mmoja wao akamvuta kando.

Siméon Lusenge alitoka ndani ya mwisho. Alisimama kizingitini akamtazama mkewe, halafu akamtazama Roger, kwa muda mrefu, na Roger hakuweza kujua kama alikuwa ameamini. Akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa amebeba kiti. Akakiweka chini ya mapaa, akakipangusa kwa mkono wa koti lake, kama afanyiwavyo kila mgeni ajaye kwenye matanga.

“Ikala, papa,” alisema.

Roger akakaa.